Alama Zote kwa Desturi Iliyotoweka

Wanangu mnaosoma ile shahada yenye jina refu, Jamii za Asili na Ustawi wa Jamii, mmeniomba niwaandikie siri ya kufaulu katika kazi hii. Siri ya kufaulu sina. Niliyo nayo ni ya kufeli, tena nilifeli nikiwa na cheti safi, nimekitia fremu na kukitundika ukutani. Kama hiyo itawafaa, someni. Mwenye haraka arudi kwenye simu yake, sitakasirika, maana kazi hii imenizoesha kuongea na watu wanaotazama chini.

Mimi ni Mhehe wa Idodi, kule njia ya kwenda kwenye hifadhi. Nalisema mapema kwa sababu litanihukumu huko mbele. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii tangu nikiwa na nywele hadi leo nina upara, nusu ya miaka hiyo upande wa Iringa, nusu Mbeya. Nilianzia Nyololo, kwenye baridi ambayo asubuhi kalamu inagoma mpaka uipashe kwapani. Wakati huo tuliandika taarifa kwa mkono, nakala tatu, karatasi nyeusi katikati, na ukikosea neno moja umekosea mara tatu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Watu walikuwa wanakuja kuutazama tu.

Chuo nilipelekwa nikiwa mtu mzima, nina mke na watoto wanne. Mkuu wangu wa idara alisema siku hizi haitoshi kujua sheria ya mtoto, inabidi kujua na mila za watu unaowahudumia. Nikakubaliana naye. Mwalimu wetu wa mila tulimwita Daktari. Alikuwa mtu mwema, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kwa jinsi nilivyomwelewa aliwahi kuishi kijijini wiki mbili, zote akiumwa tumbo. Vitabu alikuwa amesoma, hilo siwezi kumnyima.

Muhula wa kwanza mzima tulibishana jamii za asili ni zipi. Sisi Wahehe tukasema ni sisi. Wasangu wakatukumbusha kwamba tuliwakuta. Wasafwa wakakaa kimya, kama mtu anayejua nyumba ni ya nani ila hataki kelele. Halafu akasimama kijana mmoja wa Kisukuma, akauliza, "Mwalimu, mimi nimezaliwa Usangu, na baba yangu kazaliwa Usangu, tunafuga na kulima hapo hapo. Mimi ni jamii gani?" Daktari akapekua ratiba yake, akamjibu, "Wewe ni mada ya wiki ya tisa." Wiki ya tisa ilipofika palikuwa na sikukuu.

Siku nyingine tuliandika insha kuhusu malezi ya Wahehe. Nikasema moyoni, leo nimepewa embe limemenywa. Niliandika yote aliyokuwa akituambia bibi yangu jikoni. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni: rejea iko wapi? Nikamfuata Daktari, nikamwambia rejea ni bibi yangu. Akaniuliza kwa upole kama bibi amechapisha chochote. Bibi yangu alichapa wengi, mimi nikiwa wa kwanza, lakini kuchapisha hakuwahi. Nikapata alama arobaini kuhusu kwetu.

Ila mtihani wa mwisho niliupatia. Swali lilikuwa: eleza desturi ya Wanyakyusa ya mkamwana kumwepuka baba mkwe. Mimi sikuwa na bibi wa Kinyakyusa wa kunipoteza, kwa hiyo niliandika kama kitabu kilivyosema. Kwamba mke hatakiwi kuonana uso kwa uso na baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi, akimwona njiani anapinda kona. Jina lake halitamki, na hata maneno yanayofanana na jina hilo anayakwepa. Nikamalizia kama tulivyofundishwa, kwamba desturi hii imetoweka. Nikapata alama zote. Daktari akaisoma karatasi yangu mbele ya darasa, na mimi nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Sasa niwaambie mambo ya kazini, ambayo hayana mtihani. Ukienda kutembelea kaya, jalada liache kwenye mkoba. Mtu akiona jalada anaanza kujibu jalada. Kaa pale ulipokalishwa, hata kama ni juu ya kinu. Ukipewa chakula, kula, na usiulize ni nini mpaka umalize. Kabla ya kuuliza kuhusu umaskini, tazama jiko kama lina majivu ya leo. Hayo sikuyapata chuoni, niliyapata kwa kuaibika. Niliwahi kufika Usangu kwa mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma, nikajaza fomu ya kaya maskini. Nyumba ya nyasi, hakuna kitanda, hakuna kabati, hakuna sofa. Fomu ikaonyesha ana dhiki kuliko wote wilayani. Nikamwambia Serikali itamsaidia. Akanishukuru sana. Jioni ng'ombe wake wakarudi malishoni, wakapita mbele yangu mpaka vumbi likanifanya nipige chafya, na mwisho wao sikuuona. Fomu haikuwa na mahali pa ng'ombe.

Ninyi mtapewa vishkwambi. Nimeviona, vizuri sana, havihitaji kupashwa kwapani. Lakini mjukuu wangu alinionyesha kwamba usipojaza sehemu fulani hakikuruhusu kuendelea, kinatoa maneno mekundu. Kumbukeni hilo mkifika kwenye habari ninayotaka kuwapa, kwa sababu mimi angalau nilikuwa mjinga kwa mkono wangu mwenyewe.

Ofisi yetu ya Mbeya ilikuwa na mhudumu, Mama Atupele, mwanamke wa Kyela aliyeishia darasa la saba. Alifagia, alichemsha chai, alipeleka majalada masijala. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyesema mtu asiulizwe swali kabla hajapewa chai na andazi. Nilidhani ni ukarimu tu. Siku moja akaniambia, "Afisa, wewe unawatazama usoni. Mimi natazama andazi. Mama anayelifunga kwenye pindo la khanga, huyo ana mtoto nyumbani na anampenda. Andika hivyo, uokoe wino." Nikaanza kutazama maandazi, na tangu hapo sikuwahi kukosea kuhusu mama. Isipokuwa mara moja, na mara hiyo Mama Atupele hakuwepo. Alikuwa ameenda msibani Kyela, na Wanyakyusa, watani wangu mtanisamehe, wakienda msibani unaweza kumwajiri mtu mwingine.

Ndipo akaja mzee kutoka upande wa Tukuyu. Nimpe jina la Mwaijande, si lake. Alikuwa amevaa koti zito na kofia, mtu wa kanisa, anaongea taratibu. Mwanawe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha mjane na watoto wawili hapa mjini. Mzee alikuwa anawataka wajukuu.

"Mama yao yupo Mwanjelwa anauza ndizi," akasema. "Mji umemharibu. Adabu ya kwao ameiacha. Nataka watoto wangu kabla hawajaharibika na wenyewe."

Nikamwita mjane. Jina lake nitasema ni Sekela. Alikuja peke yake siku ya kwanza, mwanamke mdogo wa umbo, mikono imeganda utomvu wa ndizi. Chai haikuwepo. Nikachukua fomu.

"Majina kamili ya watoto?"

"Tumaini. Na Lusajo."

"Tumaini nani?"

Akatazama sakafu.

"Mama, ubini wa watoto ni nani? Jina la ukoo."

"Liko kwenye kadi ya kliniki, Afisa."

"Kadi iko wapi?"

"Nyumbani. Nitaileta uisome mwenyewe."

"Yaani jina la ukoo wa wanao hulijui mpaka kadi?"

"Kadi itakuambia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kunibembeleza. Mimi nikaisikia ya ukaidi. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule: mama hajui majina kamili ya watoto wake.

Wiki iliyofuata nikaitisha kikao cha usuluhishi. Tulifundishwa chuoni, somo la ushauri nasaha, kwamba watu wenye mgogoro wakae kwenye duara, viti vinavyolingana, meza iondolewe, watazamane machoni ili kila mmoja auone ubinadamu wa mwenzake. Nilisogeza meza mwenyewe. Mzee Mwaijande alifika mapema, nikamkalisha akitazama mlango. Saa tatu Sekela akatokea, mtoto mdogo mgongoni, Tumaini, binti wa miaka sita, amemshika mkono. Akafika mlangoni, akamwona mzee. Akavuta kitenge akafunika uso, akauachia mkono wa binti, akageuka, akaenda zake nyuma ya jengo. Mzee naye akageuza uso ukutani.

Nikatoka nje nikaita. "Mama Tumaini, rudi ndani." Nikaita mara ya pili kwa sauti ya Serikali. Kimya. Binti alikuwa bado amesimama pale kizingitini, ananitazama.

Nikarudi ndani, nikamuuliza mzee, "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona," akasema.

Taarifa niliiandika mchana huohuo, kabla hasira haijapoa, nami nikidhani hasira ile ni uchungu wa watoto. Nikaandika kwamba mama hatoi ushirikiano, anakwepa mamlaka, hawezi kumtazama mtu machoni, hajui ubini wa wanawe, na amemtelekeza mtoto mmoja mlangoni mwa ofisi. Nikapendekeza watoto wakae kwa babu, na mama asiwatembelee bila afisa kuwepo. Sheria, mnajua, inataka mtoto mdogo akae na mama yake isipokuwa pawe na sababu. Mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo sababu. Hakimu alisoma, akaona imeandikwa vizuri, akatoa amri ya muda.

Siku ya kuwachukua nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Sekela hakupiga kelele. Alikuwa amefunga nguo zao kwenye mfuko wa rambo, zimekunjwa. Akamshusha mdogo mgongoni, akamkabidhi mwenyekiti, akaniambia, "Huyu ugali mkavu hali. Umwambie bibi yake aloweke kwenye maziwa." Niliona ajabu, mama asiyelia. Nikaiandika hiyo pia.

Baada ya hapo akawa anakuja ofisini kila Jumatatu, anakaa nyuma ya ukuta, kwenye kivuli cha tangi la maji. Haombi kitu. Nikadhani amekuja kunionyesha ujeuri, nikapita njia nyingine.

Mama Atupele akarudi kutoka Kyela. Siku ya kwanza tu akaniletea chai, akasimama na birika mkononi.

"Afisa, yule mkamwana aliyekaa pale nje umemkosea nini?"

"Mimi sijamkosea. Alikimbia kikao."

"Kikao gani?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha na viti vilivyokuwa: mzee hapa, yeye pale, mimi katikati.

Akaweka birika chini. "Ulimkalisha na mkwewe chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Watazamane?"

"Ndiyo njia ya kisasa, Mama."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Mwe, Baba. Ungemwambia tu avue nguo, ingekuwa nafuu."

"Lakini hiyo desturi imetoweka," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, na ilikuwa ileile ya karatasi ya mtihani.

"Imetoweka wapi?"

Nikatazama cheti changu pale ukutani.

"Basi hukohuko ilikotowekea ndiko ungemwita," akasema. "Na majina ya watoto ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Hakuyajua."

"Jina la ukoo wa watoto ndilo la babu yao. Alitajeje? Ulitaka amtukane mzee mbele yako?" Akachukua birika lake. "Wako wengi mjini wameacha, ni kweli. Wengine wanasalimiana na wakwe kwa simu. Huyu hajaacha, ndiyo maana anakungojea kule nyuma, asije akakutana na mkwe wake humu ndani. Hata adabu nayo imekuwa kosa siku hizi."

Akatoka. Nikabaki na chai. Halafu nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa muda mrefu. Nilipooa, siku moja nilikuwa sokoni Iringa mjini nimevaa suruali yangu nyeupe, ya pekee. Nikamwona mama mkwe wangu anakuja upande uleule na kikapu. Niliruka mtaro wa maji machafu, sikufika ng'ambo, nikatua katikati. Nikakaa mle nimeinama mpaka apite. Nyumbani mke wangu alifua ile suruali huku anaimba kwa furaha, na habari ikafika Idodi kwamba wamepata mkwe mwenye heshima. Hakuna aliyeandika kwamba nimekwepa mamlaka. Nami ndiye huyuhuyu, nilikaa ofisini nikamwona mwanamke akifanya vilevile, bila hata kujichafua, nikamwita mama asiyefaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwita Mzee Mwaijande kutoka Tukuyu. Safari hii nilimsikiliza Mama Atupele. Mzee akakaa ndani. Sekela akakaa palepale pake nyuma ya ukuta, ametupa mgongo. Na Mama Atupele, mhudumu wa ofisi, ndiye aliyeendesha kikao, kwa miguu yake. Anasikia neno ndani, anazunguka jengo, analifikisha, analeta jibu. Nikapendekeza apitishie dirishani asichoke. Akaniambia maneno ya wakwe hayarushwi kama mipira. Akaendelea kuzunguka. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na nawahakikishia ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye mtaala.

Mzee alipeleka neno la kwanza: kwa nini anawalea watoto mjini, penye wahuni. Jibu likarudi: "Anasema mumewe ndiye aliyemleta mjini, na kaburi lake hajalisahau. Anasema ndizi anazouza ndizo zinazomsomesha mjukuu wako, na yule binti anajua kusoma." Mzee akapeleka la pili: yeye atazeeka na nani, mwanawe hayupo. Mama Atupele alikaa sana nje safari hiyo. Akarudi akasema, "Anasema, baba, likizo zote ni zako."

Nikamuuliza mzee, nikiwa nimeshindwa kujizuia, "Siku ile alipogeuka mlangoni, ulijua kwa nini?"

"Nilijua."

"Ulikuja hapa ukasema hana adabu."

"Nilikuwa nimeambiwa hivyo. Siku ile nikaona mwenyewe kwamba anayo."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama bila chuki. "Hukuniuliza kwa nini. Uliniuliza kama nimeona. Na mimi nilikuwa nataka wajukuu zangu, Afisa. Nimezika mtoto. Nikasema, labda Serikali inajua isichokisema." Akavua kofia, akaishika magotini. "Mwandikie awachukue watoto wake. Mtu anayekaa nje siku zote hizi ili asinivunjie heshima, nitamfundisha nini mimi?"

Hapo ningependa kuwaambia kwamba watoto walirudi kesho yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yakimwagika mahakamani ndiyo kabisa. Mzee alikataa kuwaleta bila karatasi, kwa sababu karatasi ilisema wakae kwake, na yeye ni mtu wa kutii karatasi. Hakimu alikuwa likizo. Aliporudi akahamishwa. Aliyekuja akataka taarifa mpya, na mkuu wangu wa idara hakufurahia taarifa ya pili inayoipinga ya kwanza kwa mwandiko uleule. Nikaiandika hata hivyo. Gari la kumpeleka Sekela akawaone wanawe halikuwa na mafuta, na lilipopata mafuta lilikwenda kwenye semina. Ningeweza kumpeleka kwa basi, Tukuyu si mbali. Sikumpeleka. Niliona aibu kukaa naye kiti kimoja. Hilo sijawahi kumwambia mtu, nawaambia ninyi.

Siku ya kesi hakimu mpya aliweka taarifa zangu mbili sambamba.

"Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa ya uongo?" akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Kila kilichomo kilitokea. Hakutaja jina, aliondoka, mtoto alibaki mlangoni."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa ni mimi, mheshimiwa. Niliona yote na sikuelewa hata moja."

Akaniuliza nilisomea nini. Nikamtajia shahada, jina lake lote. Karani akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Hakimu hakucheka. Akafuta amri.

Tulikwenda watatu kuwachukua watoto: mimi, Mama Atupele na Sekela. Kwa basi. Mvua za kwanza zilikuwa zinaanza tulipowatoa Mwanjelwa, na sasa watu wa Tukuyu walikuwa wameshavuna maharage, maganda yamelundikwa kando ya njia. Mzee Mwaijande hakuwepo nyumbani. Alikuwa ameondoka mapema kwenda shamba la mbali, makusudi, ili mkamwana wake apate kuingia uani kwa uhuru. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na fomu yoyote niliyowahi kujaza isingeweza kuliuliza hilo.

Tumaini alimwona mama yake kutoka mbali, akaja mbio, akamkumbatia miguu, akang'ang'ania hapo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na yule mdogo. Akamwinua, akamsimamisha chini, akamwachia. Lusajo akatembea. Alikuja kwa hatua zake fupi mpaka katikati ya ua, mikono ameinyanyua kidogo pembeni, akasimama, akamtazama Sekela kwa makini. Halafu akageuka, akatembea kurudi kwa bibi yake, akajificha nyuma ya gauni.

Sekela alikuwa ameinama, amefungua mikono. Tulipomchukua mtoto huyu alikuwa anatambaa.

Akasimama taratibu, akanigeukia. Tangu nimjue hakuwahi kuniuliza swali hata moja, wala kunitazama usoni. Sasa alinitazama.

"Afisa," akasema, "ameanza kutembea lini?"

Jalada nilikuwa nalo kwapani. Kwa mazoea ya kazi nikalifungua palepale uani, nikaanza kupekua, ukurasa baada ya ukurasa wa mwandiko wangu mzuri, na yeye amesimama ananisubiri.